Faroma ya Mbao, Faroma ya Alumini, au Mikono na Mvuke: Ulinganisho kwa Anayefufua Kofia za Pama Dodoma

Kofia ya pama haijatoweka Dodoma. Huvaliwa na wazee wanaokwenda kanisani au kwenye kikao cha ukoo, huvaliwa na wafanyabiashara wa ng'ombe kwenye mnada wa Msalato, na hukutwa ndani ya marobota ya mitumba ikiwa imekandamizwa chini ya makoti mazito hadi ukingo wake umepinda kila upande. Nyingi kati ya kofia hizo bado ni nzima. Kilichopotea ni umbo, na umbo la felti linaweza kurudishwa na mtu mwenye mvuke, subira na zana zinazofaa. Ugumu uko kwenye kuchagua zana hizo. Vifaa vya watengenezaji kofia wa zamani wa Uingereza, Ufaransa na Marekani vinauzwa mtandaoni, vingine vikiwa na umri wa miaka mia moja, na mtu aliyevutiwa na kazi hii anaweza kuagiza mzigo mzito wa chuma na mbao kabla hajajua ni kipi kati ya vyote hivyo atakachokitumia.

Ninalinganisha hapa njia tatu za kuirudisha kofia ya felti kwenye umbo lake. Ya kwanza ni mikono mitupu na mvuke. Ya pili ni faroma ya mbao, yaani gogo lililochongwa kwa umbo la kichwa, ambalo kofia huvalishwa ikiwa laini na kuachwa ikaukie hapo. Ya tatu ni faroma ya alumini inayopashwa moto, ambayo asili yake ni kiwandani. Pamoja nazo nitazungumzia pasi, kitanuzi na namna ya kupima kichwa, kwa sababu hakuna faroma inayomaliza kazi peke yake. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: kwa fundi wa Dodoma, faroma moja au mbili za mbao zenye kipimo sahihi zina faida kuliko sanduku zima la zana za kale, na kwa mtu mwenye kofia moja tu ya kuvaa, hata faroma hiyo inaweza isiwe ya lazima.

Felti ndiyo inayoamua kwanza

Kabla ya kulinganisha zana ni lazima kujua kofia imetengenezwa kwa kitu gani, kwa kuwa zana ileile inayoiokoa kofia moja inaweza kuiharibu nyingine. Felti haifumwi kama kitambaa cha kawaida. Ni nywele za mnyama zilizolowanishwa, zikapashwa joto na kusuguliwa hadi magamba madogo yaliyo juu ya kila unywele yakashikana yasiachane tena. Felti ya manyoya ya sungura ni nyembamba, imeshikana sana, ni laini kwa kuigusa, na hukubali kuvutwa na kuumbwa upya mara nyingi bila kuchoka. Felti ya manyoya ndiyo iliyoyapa sifa makampuni kama Stetson, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1865, na Borsalino, iliyoanzishwa Alessandria nchini Italia mwaka 1857. Felti ya sufu ya kondoo ni nene zaidi, hukwaruza kidogo, na ukakamavu wake hutegemea sana gundi iliyotiwa ndani yake. Ikilowa sana kisha ikakauka bila kushikiliwa na kitu, husinyaa, na wakati mwingine husinyaa upande mmoja kuliko mwingine. Kofia ya sufu nayo hufufuka, lakini haivumilii kuvutwa tena na tena.

Sokoni kuna aina ya tatu ambayo kwa macho hufanana na hizo mbili, nayo ni polista. Njia ya kuitambua ni rahisi: funua ukanda wa jasho, ule ukanda wa ngozi au kitambaa ulioshonwa ndani, chomoa nywele chache mahali pasipoonekana, kisha uziguse kwa kiberiti. Nywele za mnyama hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopukutika. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kofia ya polista isikaribie pasi wala faroma ya moto. Inaweza kunyooshwa kidogo kwa mvuke wa mbali, na haifai kununuliwa kwa lengo la kufufuliwa.

Ukiwa bado na kofia mkononi, iinue uitazame kuelekea jua. Matundu madogo ya nondo wa nguo, ambayo kivulini hayaonekani kabisa, yatapenyeza mwanga. Hakuna faroma inayoziba tundu. Kinyume chake, felti ikivutwa juu ya gogo, tundu la ukubwa wa kichwa cha sindano hupanuka likaonekana hata kwa mtu aliyesimama mbali. Ninawasihi wanaonunua kofia za mitumba kwa ajili ya kuuza wasiache hatua hii, kwa maana kazi ya siku nzima inaweza kuishia kwenye kofia isiyouzika.

Kofia za kale sana zinahitaji tahadhari ya namna nyingine. Zamani manyoya ya sungura yalitayarishwa kwa dawa yenye zebaki ili yashikane kwa urahisi, na mafundi waliovuta hewa yake waliugua mitetemo ya mwili na kuvurugika akili. Mjini Danbury, Connecticut, uliokuwa na viwanda vingi vya kofia, ugonjwa huo ulizoeleka hadi ukaitwa kwa jina la mji. Marekani iliachana na matumizi hayo mwaka 1941. Kwa hiyo kofia ya manyoya iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni, ambayo huenda ilitengenezwa kabla ya wakati huo, isipigwe msasa kabisa, na mvuke usipitishwe juu yake ndani ya chumba kilichofungwa. Kazi yake ifanyike nje, penye upepo, mbali na watoto na mbali na jiko la kupikia.

Mikono na mvuke: kwa kofia iliyopinda bila kusinyaa

Njia hii inahitaji birika, jiko, brashi laini na kitambaa cheupe cha pamba. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100. Wapo wanaodhani upungufu huo ni kikwazo, lakini felti huwa imeshalainika kabla ya kufikia joto hilo, na gundi iliyomo ndani yake vilevile.

Kinachosumbua huku kwetu ni vumbi. Miezi ya kiangazi, upepo unapovuma kutwa, vumbi laini huingia katikati ya nywele za felti na kukaa humo. Likikutana na mvuke kabla ya kutolewa, hugeuka tope ndani ya felti na kuwa doa lisilotoka. Hivyo kofia ipigwe brashi ikiwa kavu kabisa, kwa kufuata mlalo wa nywele zake, na kazi hiyo isiharakishwe: kwenye mfereji unaokutanisha ukingo na kichwa cha kofia, chini ya utepe, hukaa vumbi jingi kuliko mahali pengine popote, na utepe usipofunguliwa vumbi hilo huonekana kama mstari wa kahawia mara tu mvuke unapoanza kupita.

Baada ya hapo, kofia ishikwe umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomo wa birika, mvuke uingie kwa ndani, huku ikizungushwa polepole. Baada ya muda mfupi felti hubadilika mkononi. Ule ukakamavu uliokuwa unavisukuma vidole hupotea, na felti hubonyea kama ngozi ya sikio la mbuzi, laini lakini yenye nguvu ya kutosha kushika mkunjo. Huo ndio wakati wa kuweka bonde la juu kwa ubavu wa kiganja na mibano miwili ya mbele kwa kidole gumba na vidole viwili. Mkono usiachie mapema, kwa sababu joto hulainisha tu, na umbo hushika wakati felti inapopoa. Fundi anayeachia kofia ikiwa bado ina joto huona bonde likiinuka lenyewe, akadhani felti ni mbovu.

Kwa kofia iliyokaa vibaya kabatini, au iliyobonyezwa ndani ya basi, njia hii inatosha na sioni sababu ya mwenye kofia kutumia fedha zaidi. Mipaka yake huonekana pale kofia inaposinyaa au ukingo unapokuwa na mawimbi mzunguko mzima. Mkono hushika sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja. Ukinyoosha upande wa kulia, wa kushoto unapoa ukiwa umepinda, na ukirudi kushoto, kulia kunalegea tena. Felti inahitaji kitu kinachoishika yote kwa pamoja hadi ikauke, na ndipo faroma inapokuwa na kazi.

Faroma ya mbao: ya kale au ya kuchongwa hapa?

Faroma ya mbao imedumu kwa karne nyingi kwa sababu za wazi. Mbao haiunguzi felti, hunyonya unyevu na kuutoa polepole, na hukubali pini, jambo ambalo chuma hakiwezi. Kazi yenyewe huenda hivi: utepe na ukanda wa jasho hufunguliwa kwa kukata nyuzi bila kugusa felti, kofia hupitishwa kwenye mvuke hadi ilainike kabisa, kisha huvalishwa gogo na kuvutwa chini kwa mikono miwili kwa kuzungukazunguka, si upande mmoja mpaka uishe. Kamba imara ya pamba hufungwa kuizunguka kofia na kusukumwa chini, kidogo kidogo, hadi mahali ambapo kichwa cha kofia kinakutana na ukingo. Katika seti za kale kuna kijizana cha mbao au chuma chenye ukingo uliopinda kwa ajili ya kuisukuma kamba hiyo. Ni kizuri kukitumia, ila kipande cha mbao kilicholainishwa kwa msasa hufanya kazi ileile. Mwisho, pasi hupitishwa juu ya kitambaa chenye unyevu, na kofia huachwa. Kiangazi cha Dodoma hapa ni rafiki wa fundi, kwani kofia iliyovalishwa jioni kwa kawaida huwa imekauka kesho yake, ilhali kati ya Desemba na Aprili, wakati wa mvua, ni busara kuiacha muda mrefu zaidi.

Swali ni kama ununue faroma ya kale kutoka nje au umpe kazi seremala wa hapa. Faroma ya kale ina ubora ambao ni vigumu kuuiga: umbo lake la yai limefanyiwa hesabu na watu walioifanya kazi hiyo maisha yao yote, na uso wake umelainishwa na miaka mingi ya felti kupita juu yake. Za Marekani aghalabu zimetengenezwa kwa mbao ya poplari, ambayo ni laini kiasi na nyuzi zake zimeshikana vizuri. Ukiipata iliyo nzima na yenye kipimo unachokihitaji, inunue bila kusitasita.

Hata hivyo, namba iliyogongwa chini ya gogo isikudanganye. Vipimo vya zamani vya Uingereza na vya Marekani vinapishana kwa nafasi moja: namba 7 ya Uingereza ni karibu sentimita 57, wakati namba 7 ya Marekani ni karibu sentimita 56. Sentimita hiyo moja hutofautisha kofia inayokaa kichwani na ile inayoacha alama kwenye paji la uso. Mwombe muuzaji azungushe futi ya cherehani kwenye kitako cha gogo na akutumie picha. Mwombe pia picha ya kitako chenyewe, kwa kuwa hapo ndipo nyufa huanza na hapo ndipo matundu ya bungua huonekana. Mbao iliyobunguliwa huleta unga wake ndani ya felti, na wadudu wakiwa bado hai wanaweza kuhamia kwenye mbao nyingine za karakana.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Gogo lililokaa miaka themanini katika hewa yenye unyevu ya Uingereza likiletwa Dodoma katikati ya Agosti linaweza kupasuka kwa kufuata nyuzi zake, kwa sababu uso wake hukauka haraka kuliko moyo wake. Likifika liachwe ndani ya mfuko wake, mfuko ufunguliwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na lisihifadhiwe chini ya bati wala karibu na dirisha la magharibi. Lisikae sakafuni pia; mchwa wa huku hawana heshima kwa vitu vya kale.

Faroma ya kuchongwa hapa ina faida ya kipimo, kwa maana inaweza kutengenezwa kwa kichwa unachokikusudia. Kosa linalojirudia ni kumpelekea fundi mwenye mashine ya kukereza. Mashine ya kawaida hukereza duara, na kichwa cha binadamu si duara. Kwa mzunguko wa sentimita 57, yai la kawaida huwa na urefu wa takribani sentimita 19.8 kutoka paji la uso hadi kisogo, na upana wa takribani sentimita 16.4. Kofia iliyoumbwa juu ya duara lenye mzunguko huohuo itabana mbele na nyuma na kuacha uwazi pembeni, na hakuna kitakachoirekebisha. Gogo lichongwe kwa mkono, kwa kufuata vielelezo viwili vya karatasi ngumu, kimoja cha kitako na kingine cha ubavu. Kimo cha sentimita 14 au 15 kinatosha.

Kuhusu aina ya mbao, mninga hutulia kuliko nyingi, kwa kuwa husinyaa na kuvimba kidogo sana unyevu unapobadilika, na kwa hali ya hewa ya hapa hiyo ni sifa kubwa. Ubaya wake ni bei, pamoja na rangi yake inayoweza kutoka kwa mvuke na kutia doa felti ya kijivu au ya maziwa, kwa hiyo gogo lifunikwe kwa nailoni nyembamba kabla ya kuvalishwa kofia. Paini inayotoka Sao Hill ni nafuu, nyepesi na hupokea pini vizuri, lakini vifundo vyake hutoa utomvu vikipata joto. Ichaguliwe isiyo na vifundo, na mbao kadhaa ziunganishwe kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Mpingo na mkongo sivipendekezi kwa kazi hii. Ni mbao za heshima, lakini pini haziingii, na uzito wake huchosha mikono bila faida yoyote.

Iwe ya kale au mpya, faroma ya kwanza iwe ya kichwa kilicho wazi, yaani iliyoviringwa juu bila bonde wala mibano. Faroma zilizochongwa tayari na bonde zinavutia kwa macho, na kwenye picha za wauzaji ndizo hushawishi zaidi, lakini kila moja hutoa mtindo mmoja tu. Kwa ile iliyo wazi, kofia ya mzee anayependa bonde refu la katikati na kofia ya kijana anayetaka juu pawe bapa hutoka kwenye gogo moja, na mkono humalizia tofauti.

Ukingo una kibao chake, chenye tundu la yai katikati, ambacho kofia hulazwa juu yake kichwa kikiwa kimeelekea chini. Hicho sishauri kukiagiza nje. Kibao bapa ni kazi ndogo kwa seremala yeyote, na badala ya mashine ya kukandamizia, mfuko wa turubai uliojaa mchanga mkavu wa korongoni, uliochekechwa na kupashwa moto, hulala juu ya ukingo na kuufuata kila mahali.

Faroma ya alumini

Kuumba kofia kwa chuma cha moto si jambo geni. Tarbushi za Misri huumbwa kwa kalibu za shaba zilizopashwa moto. Faroma za alumini za viwanda vya Ulaya na Marekani zilifuata njia hiyo kwa kasi kubwa zaidi: chuma hupashwa kwa gesi au umeme, kofia huvalishwa, mashine hushuka, na umbo hutoka papo hapo. Kwa anayetaka kofia mia moja zinazofanana, hakuna kinachoishinda.

Kazi ya kufufua ni tofauti, kwa sababu kila kofia inayoletwa ina kipimo chake na ugonjwa wake. Faroma ya alumini hutoa kipimo kimoja na mtindo mmoja, haichomwi pini, na bila kidhibiti joto huunguza felti kabla fundi hajanusa. Zenye mitambo ya umeme kutoka Marekani zilitengenezwa mara nyingi kwa volti 110, ilhali umeme wetu ni volti 230. Zinazouzwa peke yake, bila mashine yake, nyingi zimekuwa mapambo ya sebuleni. Ninaiona inafaa kwa kikundi au kiwanda kidogo kinachotengeneza kofia mpya za sare, kwa mfano za kwaya au za shule. Kwa fundi wa kufufua, fedha hiyo ikanunue mbao.

Pasi, kitanuzi na kipimo cha kichwa

Mafundi wa zamani walitumia pasi nzito za chuma, na Dodoma tuna mbadala wake ambao madobi bado wanao: pasi ya mkaa. Uzito wake ni faida kubwa, kwa sababu ukingo wa kofia hunyooshwa kwa mkandamizo kuliko kwa joto. Hasara yake ni majivu na cheche, na kutokuwepo kwa namna ya kupima joto zaidi ya kuigusisha kwenye kitambaa chenye maji na kusikiliza. Pasi ya umeme yenye mvuke ni safi na joto lake linadhibitika, ila ni nyepesi. Kwa kofia nyeusi au ya kahawia yenye ukingo mnene ningechukua pasi ya mkaa iliyofutwa vizuri, pamoja na kitambaa chenye unyevu katikati. Kwa kofia ya rangi ya mwanga nisingethubutu kuikaribisha.

Kitanuzi ni zana ya kale ninayoipendekeza kwa kila mtu, hata mwenye kofia moja. Ni nusu mbili za yai la mbao zilizounganishwa kwa skrubu katikati. Ukizungusha, nusu hizo huachana na kusukuma kofia kutoka ndani. Kinafaa kofia inayobana kidogo, na kinafaa zaidi kofia iliyonyeshewa, kwani kikiwekwa ndani bila kulazimishwa huizuia isisinyae inapokauka. Vya zamani vya mbao hugusa kofia kwa eneo pana kuliko vingi vya plastiki vinavyouzwa sasa. Kizungushwe kidogo kidogo, kwa sababu kinachokatika kwanza ni nyuzi za ukanda wa jasho, felti ikiwa bado haijasogea. Na hapa niseme jambo linalowapata wengi: kofia inayoachwa juu ya dashibodi ya gari juani hubana baadaye kwa sababu ngozi ya ukanda imesinyaa kwa joto. Faroma haitaitibu hiyo. Ukanda ndio unaohitaji kubadilishwa.

Kipimo cha kichwa kina chombo chake cha kifahari, kilichobuniwa Paris katika miaka ya 1840, ambacho huvalishwa kichwani kama kofia ya vijiti vingi na kutoboa umbo la kichwa, likiwa limepunguzwa, kwenye kadi ndogo. Ni chombo cha ajabu kwa ustadi wake, na bei yake leo hufikia maelfu ya dola. Simshauri fundi wa hapa akinunue. Waya laini wa kufungia nondo za ujenzi, ukiviringishiwa kitambaa na kuzungushwa kichwani pale kofia inapokaa, hushika umbo la kichwa. Ukitolewa kwa uangalifu na kuchorwa juu ya karatasi ngumu, hutoa kielelezo kamili ambacho seremala anaweza kukifuata. Kipimo cha futi peke yake hutoa mzunguko bila umbo, na watu wawili wenye sentimita 58 wanaweza kuwa na vichwa tofauti kabisa.

Gundi ya kuipa kofia ukakamavu nayo inastahili uamuzi. Wapo wanaotumia wanga, kwa kuwa uko jikoni. Wanga huacha weupe kwenye felti nyeusi, huvuta wadudu, na mvua ya kwanza huulainisha. Sheleki, ile gundi ya vipande vya kahawia ambayo maseremala huiyeyusha kwa spiriti, hudumu zaidi. Iwe nyepesi, ipakwe upande wa ndani pekee, na mbali na moto, kwa sababu spiriti hushika moto upesi.

Nani achague nini

Mwenye kofia moja, isiyosinyaa, anahitaji brashi, birika na kitanuzi. Mwenye kofia ya marehemu baba au babu iliyosinyaa, ambayo thamani yake haipimwi kwa fedha, asiagize faroma kwa ajili yake peke yake. Amtafute fundi mwenye gogo la kipimo chake, na kwanza ahakikishe kama kofia ni ya manyoya, ya sufu au ya enzi za zebaki.

Anayetaka kuifanya kuwa kazi aanze na faroma mbili za kichwa wazi, za sentimita 57 na 59, zilizochongwa hapa kwa mninga au paini isiyo na vifundo, pamoja na kibao bapa cha ukingo, mfuko wa mchanga, kitanuzi cha mbao na pasi nzito. Kofia ya 58 inaweza kupatikana kwa gogo la 57 na kitanuzi, ikiwa felti ni ya manyoya; kwa sufu nisingetegemea njia hiyo. Zana za kale zinunuliwe baadaye, moja moja, kila moja kwa upungufu ambao kazi yenyewe imeuonyesha. Faroma ya tatu isubiri mpaka daftari la vipimo vya wateja liwe limejaa kurasa kadhaa, kwa kuwa ndilo litakaloonyesha kama wanaorudishwa bila kuhudumiwa ni wa 56 au wa 60.